Kikulacho ki kinywani: Bakteria wanaowapokonya vijana meno kimyakimya

WATU wengi huamini kwamba meno hung'oka mara mbili tu maishani: utotoni, yale ya kwanza yanapowapisha ya kudumu, na uzeeni, mwili unapochoka. Kijana aliye kati ya nyakati hizo mbili huhesabiwa kuwa salama, ilmradi hana jino lililotoboka wala haumwi usiku.

Imani hiyo ina kasoro kubwa. Wapo vijana wa kati ya miaka 12 na 19, wenye nguvu na wasiougua maradhi mengine yoyote, ambao mfupa unaoshikilia meno yao huliwa kidogo kidogo na vijidudu bila wao kuhisi maumivu. Wanapogundua kwamba jino linatikisika, sehemu kubwa ya mfupa huwa imekwisha kutoweka, na mfupa huo hauoti tena wenyewe.

Hili ni jambo la kuzingatiwa katika maeneo kama Salgaa, kituo cha biashara kilicho takriban kilomita 30 magharibi mwa mji wa Nakuru kwenye barabara kuu ya kuelekea Eldoret na Uganda. Salgaa hufahamika kwa malori ya masafa marefu yanayoegeshwa hapo usiku, na jina lake likitajwa magazetini, aghalabu ni kwa sababu ya ajali, kama ile ya Desemba 31, 2017 katika eneo jirani la Migaa iliyoua watu 36. Maradhi ya fizi hayana kishindo cha namna hiyo. Hayaui papo hapo na hayajazi wodi. Lakini humwacha msichana au mvulana wa kidato cha tatu na pengo la maisha mahali palipokuwa na meno ya mbele.

JINO LINAVYOSHIKILIWA

Ili kuelewa madhara hayo, yafaa kwanza kujua jinsi jino linavyosimama. Jino halikugandishwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Mzizi wake umo ndani ya shimo la mfupa, nao umefungwa kwenye kuta za shimo hilo kwa maelfu ya nyuzinyuzi ndogo. Ufizi hufunika sehemu hiyo yote na kuikinga, mithili ya udongo ulioshindiliwa vizuri kuzunguka nguzo ya ua.

Kati ya jino na ufizi pana mfereji mwembamba. Kwa mtu mwenye afya, kina chake huwa hakizidi milimita tatu. Ni katika mfereji huo ambamo ukoga, yaani utando laini wa bakteria na mate unaoganda juu ya meno, hujificha mswaki usipofika.

Ukoga ukikaa kwa siku kadhaa, ufizi huvimba, huwa mwekundu na huvuja damu unapoguswa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya maradhi, na habari njema ni kwamba hutibika kabisa. Ukoga ukiondolewa na meno yakipigwa mswaki ipasavyo kila siku, ufizi hurudia hali yake.

Hatua ya pili ndiyo ya hatari. Hapa uvimbe hushuka chini, nyuzinyuzi zinazoshikilia jino hukatika, mfupa huyeyuka na ule mfereji hugeuka kuwa mfuko wenye kina cha milimita tano, sita au zaidi. Ndani ya mfuko huo hamna hewa ya kutosha wala mswaki haufiki, na bakteria wabaya zaidi hustawi humo.

Hatua ya kwanza imeenea mno. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa ambao matokeo yake yalitolewa na Wizara ya Afya ya Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban watu wazima 98 kati ya kila 100 walikuwa na fizi zinazovuja damu. Miongoni mwa watoto, takriban watatu kati ya kila wanne walikuwa na tatizo hilo.

SI KILA DAMU HULETA PENGO

Msomaji anaweza kujiuliza: iwapo karibu kila Mkenya hutokwa na damu kwenye fizi, mbona si kila Mkenya asiye na meno?

Swali hilo liliwashughulisha watafiti miaka mingi iliyopita. Katika miaka ya 1980, wataalamu kutoka Kenya na Denmark waliwachunguza watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 katika iliyokuwa wilaya ya Machakos. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Wakati huo, vitabu vingi vya udaktari vilidai kwamba Waafrika wa mashambani huharibikiwa na fizi upesi na kwa wingi kwa sababu ya uchafu wa kinywa.

Watafiti hao walikuta ukoga mwingi kwelikweli, ule laini na ule uliokauka ukawa mgumu kama jiwe. Hata hivyo, uharibifu mkubwa wa mfupa haukuwa umesambaa kwa kila mtu. Ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache, na hata kwa hao, kwenye meno fulani tu. Wengi walifikia uzee wakiwa na sehemu kubwa ya meno yao.

Funzo lilikuwa zito. Ufizi unaovuja damu si lazima uishie katika kung'oka kwa jino, na uchafu peke yake hautoshi kueleza kwa nini mtu mmoja hupoteza meno ilhali jirani yake, mwenye ukoga ule ule, hayapotezi. Lazima pana sababu nyingine: aina ya bakteria waliomo, namna mwili unavyopambana nao, na urithi wa kizazi.

BAKTERIA WA TANGU 1912

Kinywani mwa binadamu hupatikana mamia ya aina za bakteria. Wengi hawana madhara, na baadhi husaidia. Miongoni mwa wachache wenye madhara yumo mmoja mwenye jina refu la kisayansi, Aggregatibacter actinomycetemcomitans. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, naye amekuwa akihusishwa na maradhi ya fizi ya vijana kwa miongo kadhaa.

Silaha yake kuu ni sumu inayoua chembechembe nyeupe za damu. Chembechembe hizo ndizo askari wa mwili. Hukimbilia penye vijidudu na kuvimeza. Bakteria huyu huwatoboa askari hao na kuwaua kabla hawajamfikia. Ulinzi wa ufizi ukishavunjwa, uvimbe huendelea bila kizuizi na mfupa ulio karibu hulipia gharama.

Si bakteria wote wa aina hii walio wakali sawasawa. Wengi hutoa sumu kiasi kidogo, na mtu anaweza kuishi nao maisha yake yote bila kudhurika. Lakini lipo kundi moja ambalo wanasayansi hulipa jina la JP2. Katika jeni zake, sehemu ndogo inayodhibiti utoaji wa sumu imekatika. Ni kama mfereji wa maji uliovunjika koki: sumu humwagika kwa wingi kupita kiasi.

Kundi la JP2 linaaminika kuwa lilianzia Afrika ya Kaskazini au ya Magharibi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Leo hupatikana pia miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Brazil, jambo linalowafanya watafiti kuamini kwamba lilivuka bahari vinywani mwa watu waliouzwa utumwani.

VIJANA WA RABAT NA ACCRA

Ushahidi wenye uzito ulitoka nchini Morocco. Watafiti waliwateua wanafunzi 700 katika mji mkuu wa Rabat, wakachunguza ni akina nani waliokuwa na bakteria hao. Baada ya miaka miwili waliwarudia 428 ambao mwanzoni fizi zao zilikuwa nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la The Lancet.

Vijana waliokuwa na bakteria wa kundi la JP2 peke yake walikuwa katika hatari mara 18 zaidi ya kuanza kupoteza mfupa kuliko wenzao wasio na bakteria hao. Waliokuwa na makundi mengine ya bakteria huyo walikuwa katika hatari mara tatu zaidi. Kwa mara ya kwanza, ilionekana wazi kwamba bakteria walitangulia na ugonjwa ukafuata, wala si kinyume chake.

Nchini Ghana, uchunguzi wa vijana 500 wa shule ulionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa na bakteria huyo, na takriban tisa kati ya kila 100 walikuwa na lile kundi kali. Walipofuatiliwa, wenye JP2 ndio waliopoteza zaidi nyuzi zinazoshikilia meno.

Je, Afrika Mashariki? Huku pia maradhi yenyewe si mageni. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa Uganda walioonekana kuugua maradhi ya fizi ya ujanani. Mjini Khartoum, Sudan, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta takriban wanafunzi watatu kati ya kila 100 wa shule za sekondari wakiwa na aina hii kali. Kwa kulinganisha, miongoni mwa vijana wenye asili ya Ulaya, idadi hiyo haifikii mmoja kati ya 100.

Mnamo mwaka 2015, wataalamu wa Uswidi walieleza kuhusu kijana mwenye asili ya Ethiopia ambaye bakteria wake walikuwa wamekatika sehemu ile ile ya jeni, ila kwa kipande kikubwa zaidi kuliko JP2. Kwa maneno mengine, kundi kali si moja tu, na haifai kudhani kwamba hatari hii ni ya Afrika Magharibi na Kaskazini pekee.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kuwa na bakteria si sawa na kuwa mgonjwa. Katika Machakos, wataalamu walipochunguza ukoga wa chini ya fizi waliwakuta bakteria hawa hata kwa watu ambao meno yao yalikuwa imara. Bakteria ni cheche. Moto hutegemea pia ukavu wa nyasi.

MWANYA USIO WA UREMBO

Maradhi haya yana tabia inayoyatofautisha na yale ya wazee. Hupenda kuanzia kwenye meno mawili ya aina tofauti: magego ya kwanza, ambayo huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, na meno ya mbele. Mara nyingi kinywa chenyewe huonekana kisafi, bila ukoga mwingi, na ndiyo maana mzazi na mwalimu hawashuku lolote.

Ishara ya kwanza inayoonekana kwa macho huwa ni pengo linalofunguka kati ya meno ya mbele yaliyokuwa yamekaribiana. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mwanya ni pambo. Mtu aliyezaliwa nao hana la kuogopa. Bali mwanya unaojitokeza ghafla mtu akiwa na miaka 14 au 15, na unaozidi kupanuka mwaka baada ya mwaka, si urembo. Ni dalili kwamba jino linahama kwa kuwa mfupa wake umepungua.

Dalili nyingine ni jino linaloonekana refu kuliko zamani, gego linalotikisika wakati wa kutafuna mahindi ya kuchoma, usaha unaotoka ufizi unapobonyezwa, na ladha au harufu mbaya isiyoisha hata baada ya kupiga mswaki. Maumivu hayamo katika orodha hiyo, na humo ndimo ulimo mtego.

MENO YA KAHAWIA NI JAMBO JINGINE

Wakazi wa Nakuru na Bonde la Ufa wana tatizo jingine la meno ambalo huchanganywa na hili. Maji ya visima vingi katika eneo hili la volkano yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya kudumu yanapojijenga ndani ya taya huota meno yenye madoa ya kahawia.

Madoa hayo yamo ndani ya jino lenyewe. Hayasababishwi na uchafu wala na bakteria, na hayatoki kwa kusuguliwa. Vijana wanaotumia mchanga, jivu au mkaa kuyaondoa huishia kukwaruza meno na kujeruhi fizi bila kupata weupe wanaoutafuta. Dawa ya madoa ni kinga, yaani maji yaliyochujwa. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilipata sifa kwa kutengeneza vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kupunguza floraidi.

Kuchanganya mambo haya mawili kuna hasara pande zote. Kijana mwenye meno ya kahawia hudharauliwa kuwa mchafu ilhali fizi zake huenda ni nzima. Mwenzake mwenye meno meupe husifiwa, na hakuna anayetazama mfupa unaoliwa chini yake.

HUAMBUKIZWA VIPI?

Bakteria hawa huishi kinywani na husafiri kwa mate. Njia kuu ni kati ya watu wa nyumba moja, hasa mzazi na mtoto, kwa ukaribu wa kawaida wa malezi. Kutumia mswaki mmoja watu wawili au zaidi, na kumtafunia mtoto chakula, huongeza nafasi hiyo.

Hakuna sababu ya kumlaumu mama wala kuogopa kula pamoja. Jambo la maana ni kwamba ugonjwa huu hufuata ukoo. Kijana mmoja akigunduliwa kuugua, ndugu zake wote wanastahili kuchunguzwa, pamoja na wazazi. Vivyo hivyo, baba au mama aliyepoteza meno ya mbele kabla ya kufikisha miaka 35, bila ajali wala mila ya kung'oa, ana sababu nzuri ya kuwapeleka wanawe kwa mtaalamu mapema.

Neno hilo la mila lina uzito wake hapa. Miongoni mwa Wakalenjin na Wamaasai wa vizazi vilivyopita, kuondoa meno mawili ya mbele ya chini ilikuwa desturi. Kwa hiyo pengo kinywani mwa babu huenda halina uhusiano wowote na bakteria. Kwa kijana wa leo, ambaye hakupitia desturi hiyo, pengo kama hilo linahitaji maelezo.

MSWAKI WA MTI

Wengi huuliza iwapo mswaki wa mti bado unafaa. Jibu ni kwamba unafaa, ukitumiwa kwa makini. Mti uitwao mswaki, Salvadora persica kwa jina la kisayansi, humea katika nyanda kame kama zile za Baringo, kaskazini mwa Salgaa. WHO imekuwa ikihimiza matumizi ya vijiti vya aina hii tangu miaka ya 1980 pale ambapo ni desturi.

Katika maabara ya Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi, watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba vipande vya mti huo viliwaua bakteria wa fizi, akiwemo huyu anayezungumziwa, hata bila kuwagusa: mvuke wake ulitosha. Mwaka 2011 waliitambua kemikali inayofanya kazi hiyo.

Lakini sahani ya maabara si kinywa. Mvuke haushuki hadi kwenye mfuko wa milimita sita, na kijiti hakifiki kwa urahisi upande wa ndani wa magego ya nyuma. Kwa kinga, mswaki wa mti au wa dukani hutosha ukipitishwa taratibu kwenye mpaka wa jino na ufizi, ndani na nje, mara mbili kwa siku. Kwa ugonjwa uliokwisha kuanza, hautoshi.

TIBA IPO, ILA HUHITAJI WAKATI

Mtaalamu hutambua maradhi haya kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, ambacho hukitumbukiza taratibu kati ya jino na ufizi kupima kina. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haihitaji umeme wala mashine. Picha ya eksirei hufuata pale kina kinapotia shaka.

Matibabu ni kusafisha mizizi chini ya ufizi kwa vyombo maalumu, na kwa baadhi ya wagonjwa, dawa mbili za kuua bakteria, amoksisilini na metronidazoli, zikitolewa pamoja kwa siku chache. Dawa hizo hazifai kununuliwa dukani kwa kubahatisha. Bila kusafishwa mizizi, bakteria hujificha ndani ya ukoga na kurejea, na matumizi holela huzaa vijidudu sugu. Baada ya hapo mgonjwa hurudi kukaguliwa kila baada ya miezi michache, na hujiepusha na tumbaku, ambayo huharakisha uharibifu.

Kikwazo kikubwa ni uhaba wa wataalamu. Kwa mujibu wa WHO, kanda ya Afrika ina takriban madaktari watatu wa meno kwa kila watu 100,000, kiasi ambacho ni karibu sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Wengi wao wako mijini. Kwa familia ya mashambani, nauli, siku ya kazi iliyopotea na gharama ya matibabu hufanya kung'oa jino kuonekane kuwa njia ya mkato, hasa kwa kuwa jino lenyewe haliumi.

Hata hivyo, kijiti cha kupimia si ghali, nao maafisa wa afya ya kinywa wa jamii wana ujuzi wa kukitumia. Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, na shule za eneo hilo hukusanya vijana wote mahali pamoja kila siku. Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka wa magego manne na meno ya mbele ya wanafunzi waliofikia umri wa ujana ungewabaini walio hatarini kabla mfupa haujaisha.

Kwa sasa, mzazi hana haja ya kusubiri ukaguzi huo. Amtazame mwanawe mdomoni penye mwanga, aulize kama mswaki hutoka na damu, kama mwanya umepanuka, kama gego linacheza. Likijibiwa ndiyo hata moja kati ya maswali hayo, safari ya kwenda hospitali isiahirishwe hadi muhula umalizike. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika maradhi haya, ukuta ukishabomoka haujengeki tena.